Upande wa Pili wa Meza

Habari ilinikuta naanika nepi. Jirani yetu, yule tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alitokeza kichwa juu ya ukuta akaniita kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya chini inayosikika mpaka nyumba ya tatu.

"Mama mtoto, umeshasikia ya Mama Pindo?"

"Yapi tena, dada?"

"Anakusanya watu wazima. Anawafungia kwenye kile chumba cha nyuma ya ofisi ya mtaa, saa kumi jioni, halafu wanaimba. Na si wimbo wa kueleweka. Aa, ee, ii. Mtu ana wajukuu, anaimba aa, ee, ii! Nimepita pale mwenyewe, nywele zikanisimama."

"Si wanajifunza kusoma?"

"Bure?" Alilitamka hilo neno kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. "Wewe umewahi kuona mtu wa mtaa huu akifanya kitu bure, siku tatu kwa wiki, na goti bovu? Pale pana jambo. Ama ameahidiwa safari, ama anautaka uenyekiti wa mtaa. Mimi simo. Lakini utakuja kuniambia."

Redio akisema "mimi simo," ujue yumo mpaka shingoni. Kabla nepi hazijakauka habari ilikuwa imeshazunguka mtaa, na iliponirudia ilikuwa imenenepa: Mama Pindo ana orodha ya majina, Mama Pindo anawaapisha watu, mwenyekiti wa mtaa hali vizuri siku hizi.

Nilinyamaza. Ukweli niliujua, kwa sababu mfuko wa Mama Pindo wa vitabu nilikuwa naubeba mimi. Nasema vitabu kwa heshima tu. Kilikuwa kimoja.

Mama Pindo ni fundi cherehani. Tumepanga ua mmoja, yeye mlango wa kwanza, mimi na baba mtoto mlango wa tatu. Jina hilo alipewa kwa sababu hawezi kuliacha pindo lililofumuka likampita. Atakusimamisha njiani, uwe bosi uwe nani, achutame hapo hapo na goti lake linalolia kama bawaba, achomoe sindano kwenye ukosi wa blauzi yake, anakozipanga kama askari wa gwaride, akushone ukiwa umesimama. Ukijitikisa anakuchoma, halafu anakulaumu wewe. Mwanangu alipozaliwa, vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu ndivyo vilivyokuwa nguo zake. Nikipita naye barabarani, mtu anamtazama mtoto kwanza, kisha anasema, "Mbona huyu amevaa sare yangu?"

Ualimu ulimwingiaje? Kisa ni joho.

Mama Pindo akimaliza kazi huifunga kwenye gazeti na kubana juu yake karatasi yenye jina la mwenyewe. Siku moja alikwenda hospitali kuangaliwa goti, akaacha vifurushi kwenye benchi kibarazani, kila mtu achukue chake. Akaja Mzee Geti, mlinzi wa ghala lile la mwisho wa barabara, kufuata sare yake. Nilikuwa nanyonyesha pale mlangoni kwangu. Nikamwona anaitazama karatasi ya kwanza, anaitazama ya pili, anarudi kwenye ya kwanza, anakuna kidevu. Kisha akasema kwa nguvu, "Ehee, hiki hapa!" akabeba, akaondoka. Mimi nikajua amesoma.

Asubuhi yake Mzee Geti alikuwa kazini amevaa joho la kwaya. La zambarau, mikono mipana, kola nyeupe. Rungu mkononi. Malori yakawa yanafunguliwa geti na mtu anayeonekana anasubiri tu kinanda kianze. Madereva walipomuuliza aliwajibu bila kupepesa, "Ndiyo sare mpya. Kampuni imebadilisha." Siku mbili nzima alishinda nalo juani, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu. Na huko kwingine, mwimbaji mmoja wa sauti nzito alikuwa amefungua gazeti akakuta shati lenye nembo ya ghala, akawa anadai joho lake kwa maneno ambayo kwenye nyimbo hayamo.

Mama Pindo alinichukua tukaenda getini.

"Mzee mwenzangu," alimwambia, "hukuliona jina pale juu?"

"Nililiona."

"Liliandikwaje?"

Mzee Geti alitazama lori ambalo lilikuwa bado mbali sana. Akashika mkono wa joho akaupepea kidogo. "Fundi," alisema, "hii nguo ina hewa nzuri."

Mama Pindo hakucheka. Aliomba joho, akatoa sare iliyorudishwa na yule mwimbaji, akamgeuzia mgongo ili abadilishe. Njiani hakusema neno mpaka tulipofika kwenye kona ya bomba. Hapo ndipo aliposema, "Mtu anavaa joho siku mbili kwenye jua hili ili asiseme sijui kusoma. Miaka kumi na tano namshonea, mwanangu. Miaka kumi na tano nambania karatasi."

Wiki hiyo ofisi ya mtaa ikabandika tangazo. Lilisema watu wazima wasiojua kusoma wafike wajiandikishe, na wanaotaka kujitolea kuwafundisha wafike pia. Lilibandikwa juu karibu na dari, kwa maandishi madogo, ili wasiojua kusoma walisome kwa utulivu. Wa kujitolea walijitokeza tisa. Walipoelezwa kwamba kujitolea ni kujitolea kweli, wakabaki wawili, na wa pili alikuwa amekuja kuuliza njia.

Mama Pindo alipelekwa semina ya siku mbili. Aliniambia bango lilikuwa refu kuliko ukuta, likakata kona na kumalizikia mlangoni, kwa hiyo walioketi mbele hawakujua semina ilihusu nini hasa. Kijana mmoja aliwafundisha namna ya kukaa na mwanafunzi mtu mzima, na alipoulizwa amewahi kumfundisha mtu mzima gani, akasema hilo liko kwenye awamu ya pili. Mama Pindo alirudi na fulana inayomtosha mtoto, ambayo aliiongezea vitambaa ubavuni mpaka ikamkubali. Boksi la chaki bila ubao. Kipenga, ambacho mpaka leo hakuna anayejua ni cha kazi gani. Na kitabu kimoja cha kusomea. Vingine ishirini na tisa, aliambiwa, viko njiani. Nadhani vinatembea kwa miguu.

Halafu ikaja fomu ya mahudhurio. Kila mwanafunzi aweke sahihi kwa mkono wake, tangu siku ya kwanza. Dole gumba halitakiwi, kwa sababu linaharibu takwimu. Mama Pindo aliandika pembeni: "Wataweka wakishajua." Fomu ikarudishwa irekebishwe. Akaandika tena yale yale, safari hii kwa wino mwekundu. Nafikiri huko walidhani ni muhuri, maana haikurudi.

Chumba walichopewa kilikuwa kile cha nyuma ya ofisi, dirisha moja, mlango mmoja. Mama Pindo alipeleka meza yake ya zamani ya kukatia nguo, pana kama kitanda cha watu wawili, bado ina alama za chaki na mikwaruzo ya mkasi. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Yeye aliketi katikati ya upande wa ukutani, kwenye kiti chake chenye mto, na akishaketi goti halimruhusu kuinuka hadi darasa liishe. Watatu walikaa kulia kwake, watatu kushoto. Sita waliobaki walikaa upande wa pili, wakimtazama. Mzee Geti alikuwa kati ya hao, na pembeni yake mpishi wa shule, mama mmoja mnene mwenye kicheko, aliyewapikia watoto wanaojua kusoma kwa miaka mingi na sasa alitaka kujua wanachokisoma.

Kitabu kiliwekwa katikati ya meza, kimemwelekea Mama Pindo. Mama Pindo alielekeza herufi kwa ncha ya mkasi, wote wakaimba aa, ee, ii, kisha wakanakili kwenye karatasi za kaki za kukatia vielelezo vya nguo. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango, mtoto mgongoni kwenye mbeleko. Alikuwa analala vizuri kwa ule wimbo kuliko kwa wangu. Na pale kizingitini unaiona meza kwa upande wake mwembamba, kwa hiyo unawaona wote, wa huku na wa kule.

Wiki ya tatu niliona kitu.

Wale wa upande wa Mama Pindo walianza kuandika juu ya karatasi, kushoto, kama nilivyofundishwa mimi. Wale sita wa upande wa pili walianza chini, karibu na tumbo, mkono wa kulia, na kalamu ikawa inarudi kinyumenyume kuelekea kushoto. Wakimaliza mstari wanapanda juu. Mama Pindo, kutoka kwenye kiti chake ng'ambo ya meza, alinyoosha shingo, akatazama maandishi yao, akasema, "Vizuri sana! Mpishi, herufi zako zimenyooka kuliko mshono wangu." Na kwa pale alipokaa yeye, kweli zilikuwa zimenyooka. Zilikuwa zinamtazama yeye.

Nilijua hapo pana kasoro. Lakini nikajiuliza, mimi nani? Nimemaliza shule ya msingi, nikaolewa, nikazaa. Yeye amekwenda semina. Labda watu wazima hufundishwa hivyo. Labda ndiyo ile awamu ya pili. Nikamrekebisha mtoto mgongoni, nikanyamaza. Na kitu ukishakinyamazia mara moja, mara ya pili huwa kizito zaidi, maana utaulizwa kwa nini hukusema ile ya kwanza.

Na kweli walikuwa wanasoma, wallahi, hilo ndilo lililonichanganya. Mwezi wa tatu Mzee Geti alikuja darasani kifua mbele.

"Mwalimu, jana nimemkamata mtu."

"Mwizi?"

"Mgeni. Si unajua mimi nakaa ndani ya kibanda, mgeni anaandika kwenye daftari pale dirishani? Zamani walikuwa wanaandika wanachotaka, nami nasema pita. Jana mmoja kaandika kwamba amekuja kumwona bosi, na anatoka 'kwa mama yake.' Hajanyanyua kalamu, namwambia, 'Mwanangu, kwa mama yako ni wapi? Andika vizuri.' Kalamu ilimdondoka!"

Darasa zima likacheka mpaka mtoto akaamka. Mama Pindo alifuta macho kwa tepu yake ya kupimia. Sijawahi kumwona fundi akifurahi hivyo kwa kazi ambayo hakuna atakayekuja kuichukua na kumshukuru.

Wakati huo mwenyekiti wa mtaa alikuwa na maumivu yake. Ana viti vya plastiki vya kukodisha kwenye sherehe, na kabla ya darasa vilikuwa vinalala kwenye kile chumba. Sasa vililala sebuleni kwake, na mkewe alikuwa ameshasema neno la mwisho. Zaidi ya hapo, maneno ya Redio yalikuwa yamemfikia. "Anatengeneza wapiga kura wanaosoma," alisikika akilalamika dukani. "Leo wanasoma aa, ee. Kesho watasoma taarifa ya mtaa."

Baada ya siku chache ikaja barua. Mkaguzi wa madarasa ya watu wazima atafika Alhamisi. Wakisoma zaidi ya nusu, darasa litaendelea. Wasipofikisha idadi hiyo, darasa litafutwa na chumba kirudi ofisini. Kurudi ofisini maana yake viti.

Mama Pindo aliisoma akiwa kwenye cherehani, akaikunja mara nne kama leso. "Wengine nitapata pengine pa kuwaweka," alisema. "Lakini Mzee Geti akiambiwa mbele za watu kwamba hajui, huyo harudi tena. Atavaa hata gauni la harusi, lakini darasani harudi."

Jumatano jioni nilimsindikiza na mfuko. Nilikuwa nimejipanga maneno tangu asubuhi.

"Mama."

"Sema, mwanangu."

Nikamwona alivyochoka, na ile fulana yake yenye vitambaa ubavuni ameifua na kuipiga pasi kwa ajili ya kesho. "Hapana, mama. Nilitaka kukukumbusha kipenga."

"Kipenga cha nini?"

"Sijui, mama."

Alhamisi mkaguzi akaja. Kijana mwenye mkoba mweusi na viatu vinavyolia kila hatua, kama vinamkatalia. Mwenyekiti alimfuata nyuma akiwa amebebesha watu viti sita, eti vya wageni. Wageni walikuwa wawili. Redio alikuwa ameshafika dirishani na bakuli la mboga za kuchambua, ili ionekane ana shughuli.

Mkaguzi aliomba kiti cha Mama Pindo, kile chenye mto. Mama Pindo akapewa cha plastiki, akawekwa kando ya mlango, karibu na mimi. Mkaguzi akaitandaza fomu yake mezani mbele yake, akatoa karatasi ya mtihani, na akaanza na sita wa upande wa ukutani. Kila mmoja asome sentensi nne. Walisoma wote. Mmoja alisoma mpaka jina la kiwanda kilichochapa karatasi, kwa furaha. Sita.

"Saba ndiyo zaidi ya nusu," Mama Pindo alinong'ona. "Bado mmoja tu."

Wa kwanza kuitwa upande wa pili alikuwa mpishi. Alipokea karatasi, akaitazama, akaigeuza juu chini, akakohoa kuanza.

"Mama," mkaguzi alisema, "umeigeuza." Akaishika, akairudisha.

Mpishi akaitazama. Kicheko kikamtoka usoni. Akaigeuza tena.

"Mama, hivyo ni juu chini."

"Mwanangu, wewe ndiye uliyenipa juu chini." Na akasoma sentensi zote nne kwa mfululizo, bila kukwama, karatasi imesimama kwa kichwa.

Mkaguzi aliandika "Hapana." Wa pili akafanya vile vile. Wa tatu. Wa nne akajaribu kuisoma ilivyo, kwa adabu, jasho likamtoka, hakuna hata herufi iliyomtambua. Wa tano alipogeuza, mwenyekiti alishindwa kuvumilia. Alipiga kofi paja lake.

"Popo! Jamani, nimeona mengi, lakini sijaona watu wanaosoma kama popo!"

Redio pale dirishani alicheka mpaka mboga zikamwagika. Nilimtazama Mama Pindo. Alikuwa anatazama kitabu katikati ya meza, kisha wale watu, kisha kitabu. Niliwahi kumwona na sura hiyo mara moja tu, alipomaliza suti nzima akagundua amekata mgongo mahali pa kifua. Mimi nikahamishia macho sakafuni. Mtoto alikuwa amelala, na sikuwa na hata sababu ya kutoka nje.

Akabaki Mzee Geti. Alikuwa ameketi mkabala na mkaguzi, mikono imetulia juu ya meza, sare imenyooka. Mkaguzi akamsukumia karatasi.

"Soma, mzee."

Mzee Geti hakuishika. "Hii fupi, bwana mkubwa. Naweza kusoma iliyo ndefu?"

"Soma chochote," alisema mkaguzi, huku anatazama saa.

Mzee Geti akainamisha macho kwenye fomu, ile iliyokuwa mbele ya mkaguzi, ikimtazama mkaguzi. Akaanza kusoma kwa sauti ile ile anayowahojia wageni getini.

"Idadi ya wanafunzi, kumi na wawili. Waliofaulu, wanne."

Mkaguzi aliinua kichwa.

"Maoni ya mkaguzi. Darasa halina tija. Lifungwe. Chumba kikabidhiwe kwa mwenyekiti kwa matumizi ya viti. Sahihi ipo." Alisogeza kichwa mbele kidogo. "Tarehe kumi na mbili. Leo ni tarehe kumi na nne, bwana mkubwa. Na waliofaulu hapa tumewahesabu sita. Getini kwangu mtu akiandika namna hii, simpitishi."

Mkaguzi aliiwekea fomu viganja viwili juu, kama anafunika chungu kisifurike. Mwenyekiti alikuwa na maneno mdomoni lakini hayakuwa yamejipanga.

"Rudia hapo kwenye viti!" Redio alisema dirishani. "Hapo kwenye viti sikupata vizuri!"

"Hiyo ni rasimu," alisema mkaguzi.

"Rasimu yenye sahihi?" aliuliza mpishi, kicheko chake kimerudi chote.

"Rasimu," alisema mkaguzi kwa mara ya pili, taratibu, na akatoa fomu nyingine kwenye mkoba. Safari hii aliandika huku amezungushia mkono, kama mtoto anayeficha hesabu. Alipofika mahali fulani akasimama, akamtazama Mzee Geti.

"Fomu inauliza anasoma au hasomi," alijisemea. "Haikuuliza kwa upande gani." Akamwandikia Mzee Geti "Ndiyo." Wale watano hakuwarudia.

Saba.

Hakutoka hivi hivi, lakini. Alisema ana wajibu wake. Atarudi baada ya mwezi mmoja. Wote kumi na wawili wasome karatasi ikiwa imesimama kama inavyosimama kwa watu wengine. Na mwongozo unataka wanafunzi kumi na wawili wawe na walimu wawili, kwa hiyo wa pili apatikane kabla ya Jumatatu, jina lake lifike ofisini, la sivyo saba hao hawatasaidia kitu. Viatu vikaondoka vinalia. Nyuma yake akatoka mwenyekiti, viti sita amevibeba mwenyewe, maana waliovileta walikuwa wamebaki ndani wakimwomba Mzee Geti awasomee na fomu za kazini kwao. Redio hakuonekana. Alikuwa ameshaondoka mbio, mboga ameziacha dirishani, na mpaka tunatoka mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba yeye ndiye aliyelianzisha lile darasa.

Mzee Geti alikawia mlangoni. Alimwambia Mama Pindo, bila kumtazama, "Kwa hiyo mwalimu, miezi yote hii nilikuwa nasoma juu chini?"

"Kosa langu, mzee mwenzangu. Si lako."

Alifikiri. "Lakini nasoma."

"Unasoma."

Akapiga saluti, akaenda zamu yake.

Tulirudi nyumbani polepole kwa ajili ya goti, mimi na mfuko begani na mtoto mgongoni. Mama Pindo hakusema neno mpaka kwenye kona ya bomba. Nafikiri ana mazoea na kona ile.

"Mwanangu, wewe unakaa kizingitini."

"Ndiyo, mama."

"Kizingitini mtu anawaona wa huku na wa kule."

Nikajua limefika. "Ndiyo, mama."

"Uliona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

Alisimama. Nilingoja anichambue kama mboga za Redio, na ningestahili. Badala yake alitazama chini, kwenye gauni langu, akashika pindo lililokuwa limefumuka na mimi sina habari. Akachutama pale pale barabarani, goti likalia, akachomoa sindano kwenye ukosi. Nikawa nimeshikwa. Huwezi kumkimbia mtu aliyeshika gauni lako na sindano.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilijiona mdogo, mama. Mimi nimeishia shule ya msingi. Wewe umekwenda semina. Nikadhani labda watu wazima wanafundishwa hivyo."

Alivuta uzi. "Nani amekwambia mimi nimeishia wapi?"

Nilitazama sindano ikipita kwenye pindo.

"Darasa la nne," alisema, akiliambia pindo langu, si mimi. "Baba aliumwa, nikatolewa, nikafundishwa cherehani. Nilipoijaza fomu ya semina waliacha nafasi ya kuandika elimu, nikaandika 'fundi.' Hakuna aliyeuliza. Wewe umenizidi madarasa, mwanangu, na umekaa kizingitini unaniogopa."

Watu walipita, wakatusalimia. Tukaitikia. Mtoto aliamka, akachungulia juu ya bega langu kumtazama huyu mtu aliye chini, akacheka.

"Mimi siwezi kuinuka kwenye kile kiti na kuzunguka," alisema. "Unalijua goti langu. Nikikaa kule, wa huku watasoma kichwa chini. Nikikaa huku, ni wale wa kule. Jina linatakiwa kabla ya Jumatatu, na tisa walioletwa na lile tangazo unawajua."

"Mama, mimi nina mtoto."

"Nimemwona. Nimemvalisha mimi." Alikata uzi kwa meno, akalipapasa pindo kuona kama limekaa, kisha akaninyooshea mkono nimwinue. Nilipomvuta, hakuuachia mkono wangu.

"Jumatatu usikae kizingitini. Njoo ukae upande wa pili wa meza, na wale sita uwachukue wewe. Mtoto tutamlaza kwenye karatasi za kaki. Na Mzee Geti umgeuze taratibu, mwanangu, asije akalisahau lile la getini."